Jani la mwaloni halisemi habari za mkufu mzima

Wadogo zetu mnaoanza kusoma mihuri ya dhahabu ya Uholanzi, yaani alama ndogo zinazopigwa kwenye metali kuonyesha usafi wake, tuelewane. Kila kundi jipya linapoletewa mkufu wa marijani, jibu hutoka kabla lenzi haijafutwa: "Jani la mwaloni, karati 14, karne ya 19." Rudisheni mkufu kitambaani, tuanze upya.

1. Jueni kwanza mnatazama metali gani. Jani la mwaloni lilipigwa kwenye vitu vidogo vya karati 14, yaani sehemu 583 za dhahabu halisi katika 1,000, kuanzia 1853. Kuanzia 1906 jani lilipata namba 14 ndani, na mfumo huo ulikoma 1953. Muhuri wa ua la tulipu lenye 585 ni wa baadaye. Muhuri wa upanga mdogo ni wa fedha, hata kitu king'ae namna gani: hiyo ni fedha iliyochovywa dhahabu. Na jihadharini na 833, kwa sababu kwenye dhahabu ni karati 20, na kwenye fedha ya Kiholanzi ilikuwa daraja la pili la usafi.

2. Sasa kifungo, maana hapa ndipo mnapoumia. Kifungo cha mkufu kina kisanduku cha dhahabu na ulimi, yaani bamba jembamba lililokunjwa ambalo huingia ndani na kujibana kama springi. Ulimi hukunjwa na kukunjuliwa kila siku, mwisho hukatika. Sonara hutengeneza mpya, au huchukua wa kifungo kingine kilichokufa, wenye muhuri wake tayari. Nanyi mnachomoa ulimi, mnaona jani zuri lisilolika, lisilo na namba ndani, mnaandika kwamba mkufu wote ni wa kabla ya 1906! Muhuri husemea kipande kilichopigwa tu. Geuzeni kisanduku, pitisheni mwanga kwa ubavu, mtafute muhuri wa pili ukingoni kwa lenzi ya mara 10. Kama muhuri wa ulimi una makali na kisanduku kimelika mpaka maua yaliyochongwa juu yake yamekuwa laini, vipande hivyo havikuzeeka pamoja. Tazameni pia maungio: lehemu ya kijivu ni ya bati, na kazi nzuri ya zamani haikuungwa hivyo. Mstari mwembamba unaozunguka muhuri pande zote unaonyesha bamba lililokatwa kwingine na kupachikwa. Halafu kuna marijani yenyewe: uzi huoza, watu hutunga upya, na shanga za leo hukaa vizuri kabisa kwenye kifungo cha 1880. Jamani, tarehe ya kifungo si tarehe ya shanga.

3. Bruchi, yaani pambo la kubana nguoni: sindano nayo hubadilishwa, kwa hiyo lisomeni bamba la nyuma.

4. Herufi. Kitu kikubwa kilipata simba mwenye namba ya daraja, kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Warumi, chenye herufi ya ofisi iliyopima kitu hicho kwenye kofia yake (A ni Amsterdam), na herufi ya mwaka. Pete na hereni kwa kawaida hazina herufi ya mwaka, kwa hiyo hiyo K mnayoishangilia karibu kila mara ni ya jina la fundi. Hata penye herufi ya mwaka, mzunguko ni wa miaka 25: kuna A ya 1860, ya 1885 na ya 1910. Umbo la herufi ndilo linalozitenganisha, basi linganisheni na jedwali, msikisie.

5. Kusafisha: maji vuguvugu, sabuni kidogo, brashi laini. Msing'arishe kabla ya kusoma. Muhuri uliolika ukipitiwa na gurudumu haurudi. Asidi ya kupimia isikaribie marijani, kwani ni chokaa na itachemka palepale. Sugueni ukingo wa kisanduku juu ya jiwe la kupimia dhahabu, kisha muitone asidi kwenye jiwe hilo.

Na kadi ijazwe kipande kwa kipande, hivi: "Kisanduku: jani la mwaloni bila namba, limelika. Ulimi: jani lenye 14, kali. Lehemu ya bati upande wa kushoto. Marijani: uzi mpya, umri haukuthibitishwa."