Shule inayojenga Nyali: umhamishe mtoto?

Dadangu, umeuliza kama umhamishe mwanao kwa sababu ile shule ya binafsi ya Nyali inajenga ghorofa mpya na bwawa la kuogelea, tena yasema itafungua sekondari ya juu. Bwawa halinishughulishi, bahari tunayo. Uliza maabara.

Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, ilianza Januari 2026, na mwanafunzi huchagua njia moja kati ya tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati (hiyo ni njia moja); sayansi za jamii; au sanaa na michezo. Shule nyingi zitakwambia zina zote. Basi nenda siku ya kawaida ya masomo, si siku ya wazazi kukaribishwa kwa juisi na sambusa. Ingia maabara, fungua mfereji uone kama maji yatoka (Mombasa hii, si jambo dogo), kisha uliza mwalimu wa fizikia ni nani na kama amesajiliwa na TSC, tume ya walimu. Ukiambiwa "tunaajiri karibuni", hapo hakuna kitu bado.

Na karo je? Shule ya mwanangu ilijenga ukumbi mzuri kweli, muhula uliofuata karo ikapanda na basi likawa na ada yake kando. Omba karo ya Gredi 10 hadi 12 kwa maandishi kabla hujalipa chochote.

Ila kama bado mwakaa Likoni, anza na feri. Mtoto wa kuvuka kila alfajiri kisha afike Nyali, atasoma saa ngapi huyo?