Q bila U kwenye Scrabble

Unacheza Scrabble ya Kiingereza, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa kete za herufi, umebaki na Q, na U ambazo kwa kawaida huifuata zote zimeshachezwa? Usivunjike moyo. Anza na QI, nguvu ya uhai katika fikra za Kichina. Q ni pointi 10. Ukiiweka kwenye kisanduku kinachozidisha pointi za herufi mara tatu na QI ikasomeka kulia na chini kwa mpigo, unavuna 62. Wingi ni QIS.

Halafu yako maneno ambayo Mswahili anayajua kwa sura nyingine, maana asili yake ni Kiarabu: SUQ ni soko, QADI ni kadhi, TALAQ ni talaka, FAQIR ni fakiri, WAQF ni wakfu. QAT ndiyo miraa yenyewe, au mirungi. Ukipanga upya herufi za QADI unapata QAID, kiongozi wa Kiislamu, kwa hiyo una nafasi mbili za kuzipachika ubaoni. Ila tahajia iwe ya kamusi ya Kiingereza. TALAKA na WAKFU zitakataliwa, na utapoteza zamu bure.

Usiing'ang'anie Q ukisubiri U, ziko 4 tu kati ya kete 100. Kama huna I wala pa kuichezea, ibadilishe mapema kwa kete nyingine: kwenye mfuko wa kete zikibaki chini ya kete 7 huruhusiwi tena. Mwenzako akimaliza nawe bado unayo, kwako zinatoka 10, kwake zinaingia 10. Hapo pengo ni pointi 20 kwa kete moja.