Farasi alipona, mimi nikabaki na woga

Mdogo wangu, umesema tangu jike lako likuangushe mwezi wa tatu, unakwenda zizini, unampa karoti, unampiga brashi mpaka anang'aa, halafu unarudi nyumbani bila kupanda. Mume anasema uza. Mwalimu anasema vumilia. Unaniuliza umsikilize nani. Mimi nilikaa hapo hapo ulipo karibu mwaka mzima, na wangu nilimuuza. Lakini sikumuuza kwa sababu niliyodhani.

Jina lake lilikuwa Salama, na sijaona jina lililomkosea mwenyewe namna ile. Nilimnunua kwa mtu aliyekuwa anahama Lubumbashi, dola 3,000 pamoja na tandiko. Aliniambia tu kwamba damu yake ni moto kidogo. Nilikuwa na miaka 44, nimejifunzia kupanda juu ya farasi wa kukodi, wale wazee ambao hata ukilala mgongoni wanakurudisha zizini.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa sita, na ile baridi yetu unaijua. Farasi kwenye baridi ana nguvu mpaka kwenye masikio. Tulizunguka kichuguu, kimoja cha vile vyetu vinavyopita nyumba kwa urefu, akatokea mtu wa makala, yaani makaa ya kupikia, anasukuma kinga yake, baiskeli: magunia matatu, la juu limefungwa sacheti nyeusi, mfuko wa plastiki, inayopigapiga kwa upepo. Salama aliganda kwanza. Nilisikia moyo wake kwenye mapaja yangu. Halafu akageuka pale pale alipo na kukata mbio, kikuku kimoja cha kukanyagia kikanitoka, cha pili kikafuata, nikaangukia bega. Mtulinga ukavunjika. Yule mwenye makala aliacha mali yake katikati ya njia akaja kuniinua, akaniomba msamaha mara kumi. Mpaka leo naona aibu kwamba sikujua hata jina lake.

Mfupa uliunga. Mwezi wa nane nikarudi, na hapo ndipo nilipojifunza uhodari wa kutafuta sababu. Nilifunga kamba za viatu mara nne. Nilikaa ndani ya gari mlangoni pa zizi nikisikiliza redio mpaka habari za michezo, mimi ambaye hata timu yetu ya Mazembe ikifungwa naambiwa na jirani. Siku nilizopanda zilikuwa mbaya kuliko siku nilizokimbia: hatamu nimezivuta kifupi, magoti nimeyabana. Mikono inamwambia simama, miguu inamwambia nenda. Naye afanye nini? Alinyanyua kichwa, akapiga mkia, akaenda upandeupande kama kaa.

Aliyenifungua macho ni mzee saisi wetu, mtunza farasi. Siku moja alivua tandiko, akaniita: "Mama, njoo uangalie jasho." Mgongo mzima ulikuwa umelowa isipokuwa mahali pawili, kushoto na kulia, nyuma kidogo ya pale shingo inapoungana na mgongo. Pakavu kabisa, kila kimoja ukubwa wa kiganja. Akabonyeza pale kwa vidole viwili na Salama akazamisha mgongo, masikio nyuma. Tandiko lilikuwa linafinya hapo kiasi kwamba hata jasho halikupata nafasi ya kutoka. Ni tandiko lile lile la bei moja na farasi! Na kosa langu juu yake: tangu anguko nilikuwa namwongezea pumba za mahindi, kama kumwomba radhi, huku hafanyi kazi. Alinenepa, tandiko likazidi kumbana, na nguvu za chakula hazikuwa na pa kwenda.

Tuliita munganga wa wanyama. Alimkuta pia na meno ya juu yenye ncha upande wa nje, yanamkata shavu kila nikivuta lijamu, akayasugua kwa tupa. (Meno ya farasi huendelea kutoka na kulika maisha yake yote, hili lazima liangaliwe hata kama hana shida.) Nikaazima tandiko pana, pumba zikapunguzwa, akawa anatolewa nje alfajiri na kurudishwa kabla ya magharibi. Mwisho wa mwezi wa tisa mzee alimpanda, akapita naye barabarani mbele ya kinga tano za makala. Aligeuza sikio moja, basi.

Na mimi niliyekuwa nimesimama kwenye uzio nilikuwa naomba mtu anipigie simu niitwe dukani.

Halafu ukaja wakati wa chanjo. Sisi tunachanja kiangazi, kabla mvua hazijaleta vile visubi vinavyouma jioni na usiku na kueneza ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, ambao ukimpata farasi asiyechanjwa, mara nyingi hafiki wiki. Munganga akaagiza baada ya sindano apumzike, asifanye kazi nzito. Mdogo wangu, nilifurahi kama mtoto aliyesikia shule imefungwa. Niliimba nikirudi nyumbani. Usiku ndipo nikajiuliza: mtu anafurahi vipi kukatazwa kitu anachokilipia kila mwezi?

Kwa hiyo swali lako mimi naona ni mawili. La kwanza ni la farasi: ana maumivu? Hilo usimjibu mume wala mwalimu, jibu kwa jasho, meno, kwato na ndoo ya chakula. Mwalimu anayesema vumilia, je, ameshawahi kunyanyua tandiko lako akaangalia chini yake? La pili ni lako, na halijibiki kabla la kwanza halijaisha. Mpe mtu mwingine ampande mwezi mzima. Farasi akitulia, jiangalie Jumamosi asubuhi ukishika funguo za gari.

Mimi nilihamia kwa maksai mmoja, farasi dume aliyehasiwa, mzee wa miaka 19, nikaanza upya, mduara mdogo, mwendo wa kutembea tu. Baada ya miezi mitatu mabega yalishuka kutoka masikioni. Kwa Salama hayakushuka. Nikamuuza.

Nilikataa wawili. Mmoja alitaka zawadi ya mwanawe wa miaka 11. Aliyemchukua ni binti anayeruka vizuizi, na alikaa naye wiki tatu za majaribio kwanza. Nilimwandikia kila kitu kwenye karatasi: anguko, kinga, sacheti, tandiko, meno. Niliyofichwa mimi sikuyaficha. Nilipata dola 2,200. Mjini wakasema biashara yangu ya vitenge imeanguka, maana huku ukionekana na farasi kisha usionekane naye, watu wanapiga hesabu zao. Hiyo iliniuma kuliko zile dola 800, sitakudanganya.

Salama yuko zizi lile lile. Ananijua, anatafuta karoti mfukoni. Jumamosi iliyopita alinipita kwa shoti na binti yake mgongoni, nikiwa juu ya maksai wangu, ambaye alikuwa amesimama katikati ya njia ananusa gunia la makala na mwenye kinga anacheka.

Kesho mzungushe kwa kamba nusu saa, akiwa na tandiko bila mtu juu. Kisha livue uniambie pakavu ni wapi.