Maswali ya Wasomaji: Nguo ya Marekani na Ardhi Iliyoizaa

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Tabora. Ninapofundisha habari za Marekani baada ya uhuru wake, nakuta zimegawanywa mafungu matatu: kupanuka kwa mipaka, kukua kwa uchumi na kubadilika kwa jamii. Wanafunzi huyakariri bila kuona yanavyohusiana. Juzi mmoja wao aliniuliza kwa nini bibi yake anayeishi Isevya huiita nguo ya pamba isiyopaushwa "marekani", nami sikuwa na jibu. Naomba unisaidie.
Mwalimu, Tabora

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi huyo amekufungulia mlango wa somo zima. Ningekuwa mimi, kesho ningeingia darasani na kipande cha nguo hiyo na kuwapa wanafunzi wakishike, wauone ule weupe wake uliofifia, ambao ndio rangi ya pamba yenyewe, kabla hawajafungua kitabu.

Katika karne ya 19 nguo ya namna hiyo ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikapakiwa merikebuni bandarini Salem na kushushwa Unguja, baada ya Seyyid Said kufanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Kutoka pwani ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, hadi Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, na kuendelea mpaka Ujiji. Ilipimwa kwa mikono, yaani urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole: shuka mikono minne, doti mikono minane. Kwa nguo hiyo wenye misafara walilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi, walinunua chakula njiani na kupata pembe za ndovu. Jina la nchi iliyoifuma likawa jina la nguo, na ndilo hilo ambalo bibi wa Isevya analitumia hadi leo.

Sasa muulize mwanafunzi: pamba yenyewe ilitoka wapi? Hapo ndipo mafungu yako matatu yanapoungana. Mwaka 1793 Eli Whitney alibuni mashine ya kutenganisha nyuzi za pamba na mbegu zake, kazi ambayo kwa vidole mtu aliweza kushinda nayo kutwa nzima akapata kama nusu kilo tu. Tangu hapo pamba ya nyuzi fupi, inayostawi hata mbali na bahari, ikawa na faida kubwa, na wenye mashamba wakaanza kuitamani ardhi ya kusini na magharibi. Mwaka 1803 serikali ya Rais Thomas Jefferson ilinunua Louisiana kutoka Ufaransa kwa dola milioni 15. Eneo hilo lilizidi kilomita za mraba milioni 2, yaani zaidi ya mara mbili ya Tanzania yetu, na kwa mkupuo mmoja ukubwa wa nchi ile changa ukawa karibu maradufu. Napoleon alikubali kuuza kwa sababu, pamoja na mengine, jeshi lake lilikuwa likiteketea Haiti kwa homa ya manjano na kwa mikono ya watu waliokuwa wamejikomboa utumwani. Jambo hili huniuma kila ninapolifikiria, kwamba ushujaa wa watu waliokataa utumwa ulisaidia kufungua ardhi ambayo sehemu yake ililimwa na watumwa wengine.

Hesabu zinaonyesha wazi. Mwaka 1790 watumwa nchini Marekani walikuwa wapata 700,000. Kufikia 1860 walikaribia milioni 4, ingawa kuingiza watumwa kutoka nje kulipigwa marufuku mwaka 1808. Watu waliuzwa kutoka Virginia kwenda Mississippi na Louisiana, mama akatenganishwa na mwanawe, kwa kuwa bei ya pamba ilikuwa nzuri. Huko kaskazini, mabinti wa wakulima waliacha mashamba ya wazazi wao wakaenda kufanya kazi katika viwanda vya nguo vya mji wa Lowell, Massachusetts, ambako kengele iliwaamsha, ikawaingiza kazini na kuwatoa, na mwaka 1834, walipopunguziwa ujira, waligoma. Mfereji wa Erie katika jimbo la New York nao, uliofunguliwa mwaka 1825 kwa urefu wa kilomita zipatazo 584, uliteremsha gharama ya kusafirisha tani moja kutoka dola 100 hivi hadi kama 10. Watu wa Tabora, waliofikiwa na reli mwaka 1912, hawahitaji kuelezwa njia mpya inavyogeuza bei na kazi za watu.

Kwa hiyo usiwafundishe mafungu matatu, Mwalimu. Wafuatishe doti moja ya nguo kutoka Isevya hadi kwenye shamba la pamba iliyoizaa, nao wataona mipaka, fedha na watu kwa pamoja.

SWALI: Nchi yenye watu inanunuliwaje? Wenyeji walipata nini katika hizo dola milioni 15 za Louisiana?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Hawakupata hata senti, wala hawakuulizwa. Ufaransa haikuwa ikiishi katika sehemu kubwa ya ardhi ile, walioishi humo walikuwa Waosage, Wasioux na mataifa mengine mengi. Kilichouzwa ni madai ya Ufaransa mbele ya mataifa ya Ulaya, na Marekani ikaendelea kwa miaka mingi kuwabana wenyeji kwa mikataba na kwa vita.

Mashariki ya mto Mississippi mambo hayakuwa mema zaidi. Wacherokee walikuwa na maandishi ya lugha yao, walichapisha gazeti lao tangu 1828, na mwaka 1832 Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba sheria za jimbo la Georgia hazina nguvu katika nchi yao. Hata hivyo Rais Andrew Jackson alikuwa amekwisha kutia saini sheria ya kuwahamisha wenyeji mwaka 1830, na mwaka 1838 askari waliwakusanya kwa nguvu. Kati ya watu wapatao 16,000 waliohamishwa, inakadiriwa kuwa 4,000 walikufa kambini na njiani. Mashamba yao huko Georgia yalikuwa yamegawiwa walowezi kwa bahati nasibu tangu 1832, wenyewe wakiwa bado wanaishi humo.