Mtoto anahema juu juu? Mvue nguo, hesabu pumzi

Wazazi wenzangu, nimonia tunaichelewa kwasababu tunahangaika na kikohozi na joto wakati kitu cha kuangalia ni pumzi.

Mwanangu ilimpata hajafikisha mwaka. Nesi akanambia mama mvue nguo za juu, akasubiri anyamaze kulia, akawasha saa ya simu na kuangalia tumbo linavyopanda na kushuka dakika nzima, zikapita 50. Akanionyesha na pale chini ya mbavu, kila akivuta hewa panabonyea kwa ndani, kitu ambacho ukishamvalisha sweta na kumfunika kanga huwezi kukiona.

Iko hivi. Kwenye mapafu kuna vifuko vidogo mno vya hewa, mamilioni, ukuta wake mwembamba sana na ndo hapo oksijeni inapopita kuingia kwenye damu, sasa bakteria au virusi wakishuka huko mwili unapigana nao, vifuko vinajaa majimaji na usaha, kwahiyo hewa anavuta ila oksijeni inayofika kwenye damu ni kidogo, na mapafu yenyewe yanakuwa magumu kutanuka. Ubongo unalazimisha apumue harakaharaka, pua zinatanuka, mbavu zinafanya kazi kupita kiasi, mtoto anachoka hadi kunyonya kunamshinda. Dawa ya maji ya kikohozi haifiki huko jamani, msipoteze muda nayo.

Pumzi za hatari kwa dakika: chini ya miezi 2 ni 60 kwenda juu, miezi 2 mpaka kabla ya mwaka ni 50, mwaka 1 mpaka 5 ni 40. Mhesabu akiwa ametulia. Zikifika hapo mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, na ukiona kifua kinabonyea, anaguna kila akitoa pumzi, midomo imekuwa ya bluu, hanyonyi au ana degedege basi hata kama ni saa nane usiku toka, anaweza kuhitaji oksijeni na nyumbani huna.

Akiandikiwa amoksilini mpe mpaka dozi iishe, hata kama kesho yake anacheza. Na chanjo ya nimonia, ile ya wiki ya 6, 10 na 14, tafadhali msiiruke.

Wazee nao tuwaangalie, maana bibi anaweza asiwe na homa kabisa, unaona tu anahema na maneno hayaeleweki mkasema ni uzee, mpelekeni akapimwe.