Pedali zinapiga mluzi

SWALI: Napiga gitaa kwenye harusi hapa Malindi. Pedali zangu nne za kubadilisha sauti ya gitaa zinatumia adapta moja ya volti 9 kwa waya wa matawi. Nikiwasha dilei ya dijitali (pedali ya mwangwi), spika inapiga mluzi. Ninunue pawa gani ya kulisha pedali umeme?

JIBU: Kelele za saketi ya dilei hupita kwenye waya huo wa pamoja, na ovadraivu (pedali ya kukwaruza sauti) inazikuza. Kwanza ipe dilei adapta yake pekee. Mluzi ukikoma, nunua pawa ambayo kila tundu limetengwa kabisa na mengine. Wingi wa matundu pekee haukusaidii. Soma miliampia (kiasi cha mkondo wa umeme unaohitajika) kwenye kila pedali: ovadraivu nyingi hutosheka na 20, dilei huweza kutaka 300. Tundu likiwa na miliampia za ziada halidhuru, volti zikizidi ndizo huunguza. Hakikisha pia alama za hasi na chanya kwenye plagi zinalingana.