Eggnog Isiyo na Mzigo wa Sukari: Mtaalamu wa Lishe Awajibu Wasomaji

SWALI: Ninaishi Minneapolis, Marekani, na kila Krismasi mkwe wangu, ambaye ni mzaliwa wa huku, huandaa eggnog, yaani kile kinywaji chao cha maziwa, krimu, mayai na sukari, na nyumba nzima hukisubiri kwa hamu. Mwaka huu daktari ameniambia kwamba sukari ya damu yangu imeanza kupanda na kwamba nipunguze vyakula vya wanga, ingawa hajasema kuwa nina kisukari. Sipendi kumvunja moyo mkwe wangu kwa kuikataa glasi yake mbele ya wajukuu. Je, eggnog inaweza kutengenezwa bila sukari na bado ikawa eggnog? Na hiyo krimu, niiache pia?
*Bibi wa wajukuu watatu, Minneapolis*

JIBU: Inawezekana, Mama, na kazi yake si ngumu, mradi tufahamu kwanza wanga wa kinywaji hiki unatoka wapi. Eggnog ya dukani kwa kawaida hubeba takribani gramu 20 za wanga katika nusu kikombe tu, na watu wachache sana huishia kwenye nusu kikombe. Sehemu ndogo ya gramu hizo ni laktosi, sukari ya asili iliyomo katika maziwa. Zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, ni sukari iliyoongezwa kiwandani. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Glasi moja iliyojaa inaweza kuimaliza posho hiyo kabla keki haijakatwa.

Mayai hayana tatizo upande wa wanga, kwa kuwa kiini kimoja hakifikishi hata gramu moja. Krimu nzito nayo ina wanga kidogo, chini ya gramu moja kwa kijiko kikubwa. Maziwa ya ng'ombe ndiyo yanayowashangaza wengi: kikombe kimoja kina gramu 12 hivi, hata kama hujayatia chembe ya sukari. Kwa hiyo tunaondoa vitu viwili, sukari na sehemu kubwa ya maziwa, kisha tunatafuta namna ya kurudisha utamu na uzito.

Hapo ndipo mapishi mengi ya aina hii yanapokosea, kwa maoni yangu. Mwandishi huondoa maziwa na kuweka krimu tupu mahali pake, kisha akakiita kinywaji hicho cha afya kwa sababu wanga umepungua. Kijiko kimoja kikubwa cha krimu nzito kina takribani kalori 50 na gramu 3.5 za mafuta mazito, yale yanayopandisha lehemu mbaya katika damu, na mtu ambaye sukari yake imeanza kupanda ana sababu ya kuujali moyo wake vilevile. Basi krimu usiiache, Mama, ila ipunguze, na uzito uutafute katika viini vya mayai.

Kwa glasi ndogo sita, andaa viini vya mayai 5, maziwa ya lozi yasiyotiwa sukari mililita 600, krimu nzito mililita 120, chumvi kidogo sana, kijiko kimoja cha chai cha vanila, na kungumanga nzima ya kukwaruza. Unaponunua maziwa ya lozi, hakikisha kwamba pakiti imeandikwa «Unsweetened», kwani ile iliyoandikwa «Original» mara nyingi imetiwa sukari, na hapo utakuwa umeitoa sukari mlangoni ukaiingiza dirishani.

Kuhusu utamu, chaguo langu la kwanza kwa kinywaji hiki ni alulozi (allulose), kitamu mbadala wa sukari, ambayo inapatikana katika maduka ya Marekani. Utamu wake ni kama asilimia 70 ya ule wa sukari, na mwili hauigeuzi kuwa glukosi. Anza na vijiko vinne vikubwa. Usishtuke ukisoma lebo yake, kwa sababu huko huhesabiwa ndani ya jumla ya wanga lakini haihesabiwi katika mstari wa sukari. Erithritoli nayo haipandishi sukari ya damu, lakini ikipoa huwa na tabia ya kurudi kuwa chembechembe, hivyo eggnog iliyolala kwenye friji inaweza kukwaruza ulimi asubuhi. Tena mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliohusisha viwango vikubwa vya erithritoli katika damu na hatari ya kiharusi na shambulio la moyo. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba erithritoli ndiyo chanzo, ila kwa kinywaji ambacho kina mbadala mwingine sioni haja ya kuing'ang'ania. Stivia inafaa pia, kwa matone machache tu, maana ikizidi huacha uchungu. Maltitoli iepuke, kwa kuwa hupandisha sukari ya damu kuliko wenzake. Na kama nyumbani kuna mbwa, ksilitoli isiingie kabisa jikoni, kwani kwa mbwa ni sumu.

Sasa upishi wenyewe. Pasha maziwa ya lozi pamoja na krimu, chumvi na alulozi katika sufuria yenye kitako kizito, kwa moto mdogo, mpaka uone mvuke na vipovu vidogo vikizunguka ukingoni, lakini yasichemke. Katika bakuli jingine piga viini mpaka vipauke. Chota upawa mmoja wa maziwa ya moto, uyamimine juu ya viini kidogo kidogo, kama uzi, huku mkono mwingine ukiendelea kupiga. Fanya hivyo kwa upawa wa pili, ndipo urudishe mchanganyiko wote sufuriani. Ukimimina kwa pupa, viini vitaiva vipande vipande na utapata mayai ya kukoroga ndani ya maziwa. Koroga kwa mwiko bila kupumzika, ukipitisha ncha yake kwenye kitako na pembeni, mpaka kipimajoto kionyeshe nyuzi 71 za Selsiasi, ambazo kwa vipimo vya huko ni 160 za Farenhaiti. Utaona mwiko umevaa utando mwembamba, na ukipitisha kidole juu yake njia inabaki wazi. Ipua papo hapo, chuja, tia vanila, kisha weka kwenye friji kwa saa nne au zaidi. Inazidi kuwa nzito inapopoa.

Onja utamu ikiwa baridi, si ikiwa moto, kwa sababu utamu hupungua ulimini kinywaji kinapopoa. Kabla ya kuongeza kitamu chochote, ongeza kwanza kungumanga na vanila, kwani harufu hizo huudanganya ulimi ukaona utamu usiokuwapo. Kungumanga ikwaruzwe wakati wa kunywa, juu ya kila glasi, kwenye matundu madogo ya kikwaruzo. Ile ya unga iliyokaa kabatini tangu mwaka juzi imebaki na rangi tu. Usizidishe, hata hivyo: vijiko viwili vya chai vya kungumanga kwa mtu mmoja vinaweza kuleta kichefuchefu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio, ilhali glasi moja haihitaji zaidi ya ncha ya kisu.

Glasi ya namna hii itakuwa na wanga usiofika gramu 3, ukiacha ile alulozi, na kalori 130 hivi. Mafuta mazito yatabaki karibu gramu 6, hayapishani sana na yale ya eggnog ya dukani, na ndiyo maana nimesema glasi ndogo. Marekani, kwa kanuni za chakula, kinywaji hakiruhusiwi kuuzwa kwa jina la eggnog kama hakina angalau asilimia 6 ya mafuta ya maziwa na asilimia 1 ya yabisi ya kiini cha yai, kwa hiyo utajiri huo ndio asili yake. Kwa mkwe wako, mpe mapishi haya na umwombe mpike pamoja. Nadhani hatavunjika moyo.

SWALI: Kaka yangu amekuja likizo Dar es Salaam kutoka Marekani na anataka kututengenezea eggnog ya mwaka mpya. Mama yetu ana kisukari, na maziwa ya lozi hapa bei yake haishikiki. Je, tunaweza kutumia tui la nazi? Pia kaka anasema mayai huwekwa mabichi kwa kuwa pombe huua vijidudu, na mimi nina wasiwasi.
*Msomaji wa Tabata*

JIBU: Tui linafaa sana, na wala hutakuwa wa kwanza kulitumia. Watu wa Puerto Rico wana kinywaji chao cha Krismasi kiitwacho coquito, ambacho msingi wake ni nazi, mdalasini na ramu. Tatizo la coquito ni maziwa ya kopo yale mazito, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Ninyi yaacheni hayo ndani ya kopo lake.

Kuna nazi na mbuzi nyumbani, basi kuna kila kitu. Tumieni tui la pili, lile jepesi, mahali pa maziwa ya lozi, kisha tui la kwanza liwe badala ya krimu, kwa vipimo vilevile nilivyompa msomaji wa Minneapolis. Msilifanye lote kuwa tui la kwanza. Mafuta ya nazi ni mafuta mazito kwa sehemu kubwa kabisa, yanazidi hata ya krimu, na mgonjwa wa kisukari hapaswi kuyanywa kwa kikombe kwa sababu tu hayana sukari. Anayepika wali wa nazi anajua kwamba tui likiachwa lichemke bila kukorogwa hukatika. Hapa likikatika litakatika pamoja na mayai, kwa hiyo moto uwe mdogo na mwiko usitoke sufuriani. Iliki mbili zilizopondwa zinapatana na tui kuliko vanila. Kama alulozi haipatikani, stivia ya matone inauzwa katika baadhi ya maduka makubwa ya dawa na ya vyakula. Asali na sukari guru visichukuliwe kuwa ni nafuu, kwani kwa sukari ya damu ya mama havina tofauti kubwa na sukari nyeupe.

Kuhusu mayai, wasiwasi wako ni wa haki na kaka yako asikushinde kwa maneno. Bakteria wa salmonela wanaweza kuwamo ndani ya yai lenye ganda safi lisilo na ufa, na pombe iliyochanganywa muda mfupi kabla ya kunywa haitoshi kuwaua kwa uhakika. Mama mwenye kisukari, mjamzito, mtoto mdogo na mzee ndio wanaoumizwa zaidi na maambukizi hayo. Pikeni mpaka nyuzi 71, poozeni haraka kwa kuizamisha sufuria katika beseni la maji ya barafu, wekeni kwenye friji, na mmalize ndani ya siku mbili. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, msionje kupima kama kimeharibika, mwageni.

SWALI: Natumia insulini. Rafiki zangu hapa Toronto wanasema eggnog isiyo na sukari ni salama kwangu hata nikitia ramu, kwa sababu ramu haina wanga. Ni kweli?
*Msomaji wa Toronto*

JIBU: Ni kweli kwamba ramu tupu haina wanga, na si kweli kwamba kwa sababu hiyo ni salama kwako. Ini ndilo linaloachia glukosi katika damu mtu asipokula, hasa usiku, na likiwa na pombe ya kushughulikia hupunguza kazi hiyo. Anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi vinavyoisukuma kongosho kutoa insulini, anaweza kushukiwa na sukari saa nyingi baada ya kunywa, akiwa usingizini. Eggnog ya kawaida angalau ina sukari inayopunguza kasi ya mporomoko huo kwa muda. Hii yetu haina. Tena dalili za sukari kushuka, kama kutetemeka, maneno kuchanganyika na kuyumba, zinafanana na za ulevi, na wenzako wanaweza kukuacha ulale wakidhani umelewa tu.

Ushauri wangu ni unywe isiyo na ramu. Ukiamua vinginevyo, zungumza kwanza na daktari wako, usinywe tumbo likiwa tupu, isizidi kipimo kimoja cha mililita 44, pima sukari kabla ya kulala, na mwambie mtu mmoja wa nyumbani kwamba unatumia insulini. Sukari ikishuka, usitegemee glasi nyingine ya eggnog, hata ile tamu ya dukani, kwa sababu mafuta yake huchelewesha sukari kuingia katika damu. Weka karibu na kitanda juisi ya matunda, kunywa mililita 120, pima tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini, rudia.